Chakula cha Msiba cha Kompare Canio

Kengele ya kanisa ililia Jumanne saa tatu asubuhi, nami nilikuwa nakanda unga. Nikasimamisha mikono nikahesabu. Matatu, kimya. Matatu, kimya. Matatu. Akifa mwanamke, kwetu Serrafosca hupigwa mawili mawili, kwa hiyo huyu alikuwa mwanaume, na mji mzima ulijua kwamba Machi ile mwanaume aliyekuwa hoi kitandani alikuwa mmoja tu. Nikaketi kwenye kiti cha jikoni, unga umenijaa mpaka kwenye viwiko, nikalia. Sikulia kwa sababu Canio amekufa tu. Sote tunakwenda huko, na yeye alikuwa amefika miaka sabini na moja. Nililia kwa sababu amekufa hatujasemezana miaka tisa, na kosa lilikuwa langu.

Afadhali nisimulie mwenyewe, maana jambo hili limeshapita midomo mingi, na kila mdomo umeongeza chumvi yake.

Mimi ni Incoronata, mjane wa Rocchino fundi viatu. Canio Lovallo alikuwa kompare wangu. Binti yake Donatina nilimshika mimi siku anabatizwa, na tangu siku hiyo mimi na wazazi wake tuliacha kuitana kwa majina matupu. Kompare, komare, basi. Ni udugu wa kanisani, na kwetu ni mzito kuliko ule wa damu. Kaka yako unaweza kumshtaki kwa ajili ya shamba la mizeituni, na Krismasi mkakaa meza moja. Kompare hagombezwi. Aliyegombana na kompare wake husemwa kwa kunong'ona, pamoja na walioiba sadaka. Mimi niligombana na wangu mbele ya watu sitini.

Canio alikaa Ujerumani miaka ishirini na nane. Alianza kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Mwitaliano mwenzake mjini Stuttgart, akamaliza akiwa mpishi mkuu palepale. Aliporudi nyumbani na mkewe Dorina alikuwa na gari, kitambi, na hamu moja tu: awe na mgahawa wake katika mji aliozaliwa. Alikodi ghala la zamani la divai karibu na uwanja wa kanisa, akalipaka chokaa, akanunua meza kumi na tano na vitambaa vya mistari myekundu. Jumapili ya kufungua alialika watu sitini, chakula bure. Akatupikia makaroni ya malai, yenye njegere na vipande vya nyama ya nguruwe ya moshi.

Malai! Sisi ni watu wa mafuta ya zeituni, nyanya na pilipili. Malai tuliyaona kwenye keki tu, tena keki ya harusi. Ukumbi mzima ukasita. Watu wameshika uma wanatazamana, na mmoja baada ya mwingine wakageuka kunitazama mimi. Hapo lazima nikiri kwamba nilikuwa na jina. Harusi zote za mtaa wa juu nilipika mimi, na mdomo wangu haukuwa na breki, na watu walivipenda vyote viwili. Canio alikuwa amesimama kando ya meza yangu, kofia nyeupe ya mpishi kichwani, anasubiri.

"Komare, unaonaje?" akaniuliza.

"Kizuri sana, kompare," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Nifungie kidogo nimpelekee mjukuu wa Gerarda. Ana miezi sita, ndiyo kwanza anaanzishwa kula."

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje kuvuta pumzi. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepigiwa makofi. Kufikia Jumatatu mgahawa ulikuwa umeshapewa jina, Hoteli ya Vichanga, na kufikia wiki iliyofuata vijana walikuwa wakipita pale mlangoni wanalia kitoto, nyaa, nyaa, kisha wanakimbia. Nani angeingia? Canio alivumilia miezi saba. Kila Jumapili aliwasha majiko, akatandika meza zote kumi na tano, na Dorina alikaa dirishani akikunja vitambaa vya mikono ambavyo hakuna aliyevitumia. Oktoba akafunga.

Krismasi nilikwenda kuwasalimu, kama ilivyo desturi ya makompare. Alinifungulia yeye. "Karibu, bibi Incoronata," akasema. Bibi! Si komare. Na mimi, badala ya kuomba radhi palepale, nikavimba. Nikajiambia kama hajui utani hiyo ni shauri yake. Nikashuka ngazi, na hivyo ndivyo tulivyonuniana miaka tisa.

Mwaka wa ile kengele, mwezi wa pili, moyo ulimsumbua wakamlaza hospitali. Alirudi na karatasi ya daktari: asile chumvi, asile mafuta, asinywe divai. Dorina akaifuata ile karatasi kama katekisimu. Akamchemshia maboga, akamchemshia viazi, bila hata tone la zeituni. Canio akaonja, akaweka kijiko chini, akageukia ukuta. Tangu hapo akawa anakunywa maji na nusu kikombe cha maziwa kwa siku, basi.

Dorina alinieleza haya nyuma ya kanisa, harakaharaka, kwa sababu mumewe hakutaka tuonekane pamoja.

"Daktari anasema moyo umetengemaa," akaniambia. "Ni yeye ndiye hataki. Ameisha, komare, nikimgeuza kitandani ni mwepesi kama mto."

"Anasema nini mwenyewe?"

"Anasema mpishi asiye na wa kumpikia, yeye mwenyewe ale kwa ajili gani."

Maneno yale yalinichoma, na yalikuwa haki yangu. Nikaazimia kwenda kumwomba msamaha. Kila siku nikasema kesho. Mara mbili nilifika hadi kona ya nyumba yao, mara zote mbili nikajisingizia kwamba nimetoka kununua uzi, nikarudi na uzi nisio na kazi nao. Ndipo kengele ikalia.

Bado nalia pale kitini, nikasikia dirisha la jirani linafunguliwa.

"Coronata! Umesikia?" Ni Gerarda, tena nani mwingine.

"Nina masikio."

"Mwanaume!"

"Nimehesabu, Gerarda."

"Maskini Canio wa watu. Halafu na alivyokuwa mnene! Sasa konsolo ya kwanza atapeleka nani? Maana wewe na yeye..."

"Ya kwanza ni ya komare."

"Najua, lakini nyinyi si mlikuwa..."

"Nimesema ni ya komare! Ole wako nikukute kwenye ule mlango kabla yangu. Nitakufa sijakusamehe."

"Haya, haya, usinile. Mimi nitakuja na ya pili. Nina sungura."

Konsolo ni chakula cha kuwafariji wafiwa. Nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, wala haitumii chombo chake hata kijiko. Kila kitu kinatoka nje: chakula, sahani, kitambaa cha meza, mkate, divai, hadi chumvi. Asubuhi ni ya wenye nyumba, wamwoshe maiti wao na kumvisha na kumlilia. Adhuhuri ndipo wa nje wanaingia na vikapu. Mtauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kwanza kuhakikisha. Hilo halifanyiki. Huendi kwenye mlango wa mgonjwa kuuliza kama ameshakufa. Ni kukiita kifo kwa jina lake. Hata simu hupigi. Kengele ikishasema, imesema.

Nikamchinja mtetea wangu bora, aliyekuwa bado anataga. Nilimchemsha taratibu na seleri, kitunguu, na karoti niliyoikaanga kidogo kwanza. Ule unga niliokuwa nakanda nikauongezea mayai, nikausukuma mwembamba, nikaukata tambi nyembamba kabisa. Nikafinyanga vikababu vidogo vya kutosha vitano kwenye kijiko kimoja. Muda wote huo nilikuwa naongea naye kama yuko mle jikoni. "Ungeningoja, kompare," nilimwambia. "Siku moja tu. Kesho ningekuja." Nilijua nasema uongo, na yeye angejua pia.

Saa sita kasorobo nikavaa nguo nyeusi, nikapanga vyote kwenye kapu kubwa, nikalifunika kwa kitambaa cheupe, nikaweka ngata kichwani na kapu juu yake. Ukibeba hivyo, hakuna asiyejua umebeba nini. Wanaume waliokuwa mlangoni kwa kinyozi walivua kofia. Wanawake walipiga ishara ya msalaba, kisha nikasikia milango inafungwa nyuma yangu, wanakimbilia majikoni mwao. Kama kulikuwa na mwenye shaka, shaka iliisha, kwa sababu Incoronata mwenyewe, pamoja na kiburi chake chote, amekwenda.

Mlango wa Canio ulikuwa umefungwa. Mlango wa msiba huachwa wazi nusu na kufungwa utepe mweusi, na huu haukuwa na utepe. Nikasema moyoni, Dorina yuko peke yake, binti yake yuko mbali, atapata wapi mkono wa kufunga tepe. Tena dohani juu ya paa ilikuwa inatoa moshi. Niliuona moshi ule kwa macho yangu haya. Nikasema, maskini, uchungu umemsahaulisha hata mila.

Nikabisha. Dorina akafungua, amevaa aproni ya maua, mkononi ana mwiko wenye kipande cha boga.

"Komare!" nikasema. Nikainama na kapu langu kichwani nikambusu mashavu yote mawili, machozi yananichuruzika. "Ametutangulia. Jikaze."

"Nani katutangulia?"

"Kompare!"

"Katutangulia wapi? Yuko ndani ananigombeza, ati mto una mabonge."

Tukatazamana. Akaziona nguo nyeusi, akaliona kapu, akakiona kitambaa cheupe. Uso ukamgeuka rangi. Akakimbilia ufunguo wa chuma mlangoni akaushika kwa mkono wote, kujikinga na mkosi.

"Kwani kengele ni ya nani?" nikauliza.

"Ya Vitantonio Pace! Aliyehamia Ajentina! Barua imemfikia dada yake jana, ndiyo akamlipia kengele leo. Ee Mama wa Mungu, Incoronata, umefanya nini?"

Vitantonio Pace aliondoka mjini miaka arobaini iliyopita. Hata sura yake nilikuwa siikumbuki. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na kapu langu. Nikageuka niondoke, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi, na hapo ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Konsolo ikishatoka nyumbani kwako hairudi. Ukiirudisha, umeurudisha msiba kwenye paa lako mwenyewe. Na ukiiacha kwenye nyumba ya mtu aliye hai, umemwombea kifo. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nikabaki pale kizingitini na kuku wangu kichwani.

"Dorina!" Ni sauti ya Canio kutoka chumbani, nyembamba lakini kali. "Nani huyo? Na hicho kinachonukia ni nini?"

"Si kitu! Lala!"

"Si kitu hakinukii hivyo."

Tukasikia kitanda kinalia, kisha nyayo zinaburuta. Akatokea kwenye mlango wa chumba, pajama zimemning'inia, koti begani, mkono mmoja ukutani. Nilishtuka nilivyomwona. Shingo yote imebaki mishipa. Akanitazama, akalitazama kapu, akainua pua.

"Mtetea," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, kadiri mtu aliyejitwika kapu anavyoweza kuitikia.

"Seleri. Karoti imekaangwa kwanza. Tambi za mayai?"

"Nimezikata leo asubuhi."

"Umevaa nyeusi."

"Kompare, nilisikia kengele, nikadhani... nisamehe, nilidhani..."

"Umeniletea matanga yangu mwenyewe, Incoronata."

Dorina akaanza kusali. Mimi nilitaka kulia lakini machozi yalikataa. Kisha nikaona mabega ya Canio yanatikisika. Nilidhani ndio moyo tena, Dorina naye akadhani hivyohivyo, akamkimbilia na kiti. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akalazimika kukaa, akajipangusa macho kwa ukosi wa koti.

"Lete mezani," akasema. "Kurudi hairudi, mnajua wote wawili. Na sitaki mtu mwingine aile. Ni yangu."

"Canio, daktari!" Dorina akalia. "Chumvi! Mafuta ya kuku!"

"Mtu akishaletewa konsolo, daktari wake ameshamaliza kazi. Anayeleta ndiye anayepakua. Haya, pakua."

Nikatua kapu. Nikatandaza kitambaa changu, nikapanga sahani zangu, vijiko vyangu, nikamjazia bakuli. Tambi mbili zikaangukia mezani. Akaziokota kwa vidole akazila. Kisha akachukua kijiko, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. Akachukua cha pili. Dorina akatupa mgongo akajifunika uso kwa aproni, na nikajua analia, kwa sababu hicho kijiko cha pili alikuwa amekingoja siku kumi na mbili.

"Chumvi imepungua," akasema Canio.

"Nilikuwa nalia juu ya sufuria. Nikadhani itatosha."

Aliendelea kula. Hakuniita komare, nikaliona hilo.

Hodi ikabishwa, na kabla Dorina hajafika mlangoni Gerarda akawa ameshaingia, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi, na sinia la sungura mikononi.

"Dorina, mwenzangu, ametutangul..." Akamwona Canio ameshika kijiko. "Yesu na Maria na Yosefu!"

"Ingia, Gerarda," akasema Canio. "Nimekufa tangu saa tatu, sasa hivi nina njaa. Umeleta nini?"

"Su... sungura."

"Wa nini?"

"Wa viazi."

"Umetia divai nyeupe au siki?"

"Siki kidogo," akasema Gerarda, akakaa.

Baada yake hawakukoma. Wote walikuwa wameniona nikipita, na wote walikuwa wameshika vyungu. Alikuja mke wa kinyozi na maharage na ngozi ya nguruwe. Ilikuja familia ya mwenye duka la dawa na samaki wa chumvi na pilipili kavu. Walikuja dada wawili wasioolewa wa mtaa wa chini na kahawa kwenye birika lililofungwa taulo. Kila aliyefika alifanya vilevile: anaanza kulia mlangoni, anamwona maiti anakula, anapiga ukelele, anataka kukimbia, kisha anakumbuka kwamba kikapu hakirudi. Ikafika saa saba watu wamejaa hadi ngazi za nje, wamevaa nyeusi, wameshika vyakula, hawajui watazame wapi.

"Mnasimama kama mnangoja basi?" Canio akawapigia kelele. "Leteni meza!"

Zikaletwa. Meza za jirani, mbao juu ya mapipa, viti vya kinyozi, zikajaza sebule na kutokeza uchochoroni. Canio akasimama, mkono mmoja kwenye bega la Dorina, koti juu ya pajama, akaanza kupanga watu. "Wewe kaa pale. Hapana, samaki wa chumvi haanzi kabla ya supu, umelelewa wapi? Nani ametia pilipili hizi? Wewe? Zilikaangwa sana, ulikuwa unawaza nini?" Rangi ilikuwa imemrudi usoni. Alipita meza hadi meza na upawa wangu mkononi, anaonja, anakaripia, anapakua. Watu walikuwa wameanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Dorina alikimbia huku na huko na mitungi ya divai na hakumkataza mumewe kitu tena.

Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa meza, kando ya sufuria yangu na bakuli lake, sili. Nilikuwa nahesabu. Kinyozi na mkewe, walikuwepo Jumapili ile. Mwenye duka la dawa, alikuwepo. Gerarda alikuwepo. Hawa ndio waliocheka, na hawa ndio ambao hawakurudi tena, na Canio alikuwa akiwapakulia mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja mgahawa. Nikaona wazi kitakachotokea: tutakula, tutacheka, tutakwenda makwetu, na mji utasema mambo yamekwisha. Yeye kesho ataamka nyumba ni tupu, atageukia ukuta. Nami nitakuwa nimemletea supu, msamaha bado ninao mfukoni.

Nikasimama.

"Nyamazeni kidogo," nikasema.

Wakanyamaza mara moja. Nikaziona nyuso zao zinaanza kutabasamu mapema, wanangoja mzaha.

"Yale makaroni ya malai," nikasema.

Tabasamu zikakatika. Dorina akaweka mtungi chini. Canio alikuwa ng'ambo ya chumba, upawa hewani, na hakuushusha.

"Nilisema ni chakula cha kichanga. Nilisema uongo. Yalikuwa matamu. Nilikuwa sijawahi kula kitu kama kile, na kilikuwa kitamu. Nilisema vile kwa sababu nyinyi nyote mlikuwa mnanitazama, nami nilijua mtacheka. Basi. Hakuna sababu nyingine. Nimetafuta nyingine miaka tisa sijaipata. Kompare, nilikufungia mgahawa kwa ajili ya kicheko. Naomba unisamehe."

Mke wa kinyozi alikuwa anaitazama sahani yake. Canio akaanza kuja, akishika mgongo wa kiti hiki na kile, na safari ya hatua kumi ilimchukua muda mrefu. Akakaa kando yangu, akihema. Nami nikakaa.

"Nilijua yalikuwa matamu," akasema.

"Ulijuaje?"

"Siku ile sahani nilizikusanya mwenyewe na kuziosha mwenyewe, zote sitini. Nyingi zilirudi zimejaa. Nyingine zilirudi nusu. Yako, komare, ilirudi haina kitu. Uliipangusa kwa mkate mpaka ukingoni."

Nikainamisha kichwa, na safari hii si kama mtu anayepigiwa makofi.

"Kama yasingekupendeza," akasema, polepole, "ningekusamehe jioni ileile. Kila mtu na ulimi wake. Nilichokuwa nangoja ni useme ukweli."

Akalisogeza bakuli lake mbele yangu. Nikauchukua upawa mkononi mwake, nikampakulia, naye akala.